Kuchora watu kwa kupima muda: umbo kwanza, vivuli baadaye

Ndugu, umeuliza kwa nini wavuvi unaowachora pale soko la samaki la Bagamoyo wanatoka wamekakamaa kama milingoti ilhali kila mchoro unakuchukua saa nzima, na iwapo kujipimia muda kutakufaa. Kutakufaa sana, kwa sababu saa nzima inakuruhusu kuhangaika na vidole na kope kabla hujajua mwili umeegemea mguu upi. Anza na michoro ya sekunde 30, ukitafuta mstari mmoja tu unaoshuka kutoka kichwani, ukapita uti wa mgongo hadi kwenye kisigino kinachobeba uzito. Mchukuzi mwenye tenga begani, kwa mfano, hupinda kiwiliwili kuelekea upande usio na mzigo, na mpindo huo ndio mchoro wenyewe. Kwenye michoro ya dakika 2 ongeza kifua na nyonga. Kifutio kiache nyumbani.

Vivuli visubiri michoro ya dakika 10. Fumba macho nusu mpaka uone maeneo mawili tu, la mwanga na la kivuli, kisha ujaze kivuli chote kwa ubavu wa penseli ya 4B, yaani penseli laini yenye weusi mzito, rangi moja, bila kupapasapapasa. Jua la asubuhi linalochomoza upande wa baharini ni bora kuliko la mchana, ambalo huangaza utosi na kuzamisha macho gizani. Angalia pia chini ya kidevu: mchanga mweupe hurudisha mwanga pale, hivyo weusi mzito zaidi huwa kwenye mpaka ambapo shavu linageuka kuukimbia mwanga.