Shubiri na kitunguu saumu kwa kuku wa nyama
Dada wa Majengo, Moshi, hongera kwa vifaranga 200. Umeuliza kama maji ya shubiri na kitunguu saumu yanatosha badala ya chanjo. Hayatoshi. Kideri na Gumboro ni magonjwa ya virusi. Chanja tu, na siku ya chanjo usichanganye chochote kwenye maji yao. Siku nyingine ponda kitunguu saumu, kiache dakika 10, chuja, wape asubuhi. Jioni mwaga kilichobaki, kinachacha. Shubiri weka kidogo mno. Mimi niliwahi kuzidisha: vifaranga waligusa maji, wakatikisa vichwa, wakaondoka zao. Na kuku wa nyama asiyekunywa hali, uzito utauona wapi wiki ya sita? Ukiona kinyesi chenye damu, achana na majani, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.