Jibu: Nitajuaje kama wanachuo wanaelewa notisi ninazopakia?

Mwalimu mwenzangu, umesema wanachuo wako hapo Mbeya wanapakua PDF zako kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, halafu kimya. Idadi ya waliopakua haikuambii lolote. Faili linaweza kukaa kwenye simu bila kufunguliwa mpaka usiku wa mtihani.

Mimi ningevunja mada vipande vifupi, kila kimoja kikifuatiwa na maswali mawili matatu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa baada ya wiki moja, wanachuo waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Kwa hiyo swali lenyewe linafundisha.

Tangu 2019 Moodle ina H5P ndani yake, yaani zana ya kutengeneza masomo shirikishi, unaweza kuweka swali katikati ya video. Ila video inakula bando, na wengine likizo wako Makete au Ludewa. Wawekee maandishi, picha nyepesi na jaribio, kisha kwenye mipangilio ruhusu lifanyike bila mtandao kupitia programu ya simu. Usiweke kikomo cha muda, maana hapo jaribio halitakubali kufanyika bila mtandao. Majibu yatapanda mwanachuo akipata mtandao.

Sasa hapa ndipo penye utamu: usiishie kwenye alama. Fungua ripoti ya takwimu za jaribio, angalia swali moja moja. Wengi wakichagua jibu lilelile la makosa, tatizo huenda ni maelezo yako au swali lenyewe, si uvivu wao. Anza kipindi kinachofuata na swali hilo, wabishane wawili wawili kabla hujaeleza.