Kuchagua makao ya wazee kwa ajili ya mama

Umeuliza utajuaje kama makao ya wazee yatamfaa mama, ambaye bado anajiweza lakini ameanza kusahau. Mara ya kwanza nenda kwa miadi, kisha rudi bila taarifa, hasa jioni au mwisho wa wiki, wakati wahudumu huwa wachache. Hapo ndipo utaona mzee akibonyeza kengele anaitikiwa baada ya muda gani. Tazama midomo, kucha, nguo za wakazi. Uzeeni hisia ya kiu hupungua, kwa hiyo mtu anaweza kukaukiwa maji mwilini bila kujua. Mhudumu mzuri humpa maji, hasubiri aombwe. Waulize wahudumu wenyewe, si meneja, wamefanya kazi hapo kwa muda gani. Wanapobadilika kila mara, hakuna anayemjua mama vya kutosha kugundua kwamba leo hayuko sawa.

Kwa hali yake, swali kubwa kwangu ni hili: kusahau kukizidi, atabaki hapo au mtaambiwa mumhamishe? Kuhama ni kugumu sana kwa mtu aliyepoteza kumbukumbu. Jibu liwe ndani ya mkataba, pamoja na gharama za ziada na masharti ya kurudishiwa pesa. Bustani na majengo usivipe uzito mkubwa.

Na tafadhali, mwende naye. Ale chakula cha hapo, azungumze na wakazi. Akikataa, sikiliza sababu yake kwanza kabla ya kumbembeleza.