Mbwa Wetu Hujificha Siku ya Kuogeshwa

SWALI: Daktari, salamu kutoka Mbarara. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye umri wa miaka 3, alikubali kuogeshwa bila taabu hadi mwaka jana, tulipoanza kumwosha kwa dawa ya kupe tunayowanyunyizia ng'ombe. Siku hizi akisikia tu mnyororo ukichukuliwa, huingia chini ya ghala na hatoki hadi usiku. Hata kitana hakitaki, na Jumamosi iliyopita alimngurumia mwanangu wa miaka 10. Mume wangu anasema tumfunge mdomo na kumwogesha kwa nguvu, kwamba atazoea. Je, atazoea?

JIBU: Mama, hatazoea, atajifunza kukimbia mapema zaidi. Kwa maelezo yako, naona kwamba mbwa huyo haogopi maji, bali anaogopa yale yaliyomfika ndani ya maji. Dawa ya ng'ombe, hasa ikipimwa kwa kukisia kama inavyofanyika katika nyumba nyingi, huwasha ngozi iliyokunwa, na mbwa akijilamba anaweza kutapika, kulegea au kutetemeka. Iacheni kabisa. Mwombeni daktari wa mifugo aliye karibu nanyi dawa ya kupe ya mbwa, ya kumeza au ya matone ya shingoni, ili kuoga na kuua kupe yawe mambo mawili mbalimbali. Kupe wachache mnaweza kuwatoa kwa kibano, mkiwashika karibu na ngozi na kuwavuta polepole, bila kuwapaka mafuta ya taa.

Kwa wiki mbili au tatu msimwogeshe. Mnyororo msiutumie karibu na maji, na mahali pa kuogea pabadilishwe. Tandikeni gunia ndani ya beseni tupu, kwa kuwa utelezi humtisha mbwa kuliko tunavyodhani, kisha mtupieni humo mukene (dagaa) wachache, wasio na chumvi wala mchanga. Aingie na kutoka apendavyo. Akishaingia bila kusita, tieni maji ya kufika kwenye nyayo tu, yaliyopata joto ndani ya jerikani iliyoachwa juani hadi alasiri, maana joto la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39 na maji ya asubuhi ya Mbarara ni adhabu. Siku nyingine mmwagieni kikombe kimoja kuanzia mabegani kwenda nyuma. Kichwa hakimwagiwi maji. Hufutwa mwishoni kwa kitambaa chenye unyevu, na masikio yasiingie maji.

Sabuni ya mche na ya unga ni za nguo. Tafuteni ya mbwa, au tumieni maji matupu, na mkitumia sabuni suuzeni hadi povu liishe. Wala hakuna haja ya kumwogesha kila Jumamosi kama sare ya shule: mbwa mwenye manyoya mafupi hutosheka na kuoga mara moja kwa mwezi, au anapochafuka.

Kitana nacho kirudishwe kwa taratibu hiyohiyo. Mguseni kwanza kwa upande usio na meno, mpapaso mmoja kwa mukene mmoja, mkianzia begani na kuacha makwapa, masikio na vidole kwa siku za baadaye.

Jambo ninalotaka mume wako alisikie ni hili: mngurumo ni taarifa. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma huacha kutoa taarifa, akang'ata ghafla. Kabla ya kufika huko hulamba midomo, hupiga mwayo bila usingizi, na huonyesha weupe wa macho. Mkiona hayo, simamisheni kazi hapohapo na kurudi hatua moja nyuma. Mtoto amtupie mukene kwa mbali, lakini asimshike wala kumwosha kwa sasa. Hakikisheni chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, na akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Ikiwa masikio yananuka, au ngozi ina vidonda, anzeni kwa daktari kabla ya beseni, kwa sababu mbwa mwenye maumivu atakataa kuguswa hata kwa mukene wa ndoo nzima.