Wakikubali wazo lako nusu

Juzi mhadhiri mmoja kijana ameniandikia: "Mwalimu, nifanyeje utafiti wangu ufike serikalini?" Kufika si kazi, mwanangu. Wangu ulifika, na mpaka leo unaniuma.

Mtazame David Ellwood, mchumi wa Harvard. Mwaka 1988 alitoa kitabu kuhusu familia maskini za Marekani. Alitaka msaada wa fedha uwe na ukomo wa muda, lakini kwanza kazi imlipe anayeifanya: kima cha chini cha mshahara kipandishwe, wenye kipato kidogo wapate nafuu ya kodi, bima ya afya iwepo, na muda ukimwishia mtu hajapata ajira, serikali impe kazi. Bill Clinton alivutiwa, na alipokuwa rais 1993 Ellwood akaingia wizara ya afya na huduma za jamii kuandaa mageuzi. Nafuu ya kodi ilipanuliwa mwaka huohuo. Tusimnyime haki yake. Bima kwa wote ikakwama 1994. Mwaka 1995 alirudi Harvard, na sheria iliyosainiwa Agosti 1996 ikaweka ukomo wa miaka 5 kwa fedha za serikali kuu, bila ile ahadi ya kazi. Mary Jo Bane, mwenzake wa Harvard aliyeingia naye, akajiuzulu kwa kuipinga.

Mimi nilipendekeza wanaopokea posho wahakikiwe, na papo hapo kuwe na dawati la rufaa kwa watakaokatwa kimakosa. Waraka ulipotoka, aya ya uhakiki ilikuwa yangu neno kwa neno, hata mkato uliokaa pabaya haukuguswa. Dawati la rufaa halimo. Jina langu pia halimo. (Wasomi husema hawajali majina. Tunajali.)

Kwa hiyo usiandike mapendekezo kwa orodha ya namba. Orodha ni kama meza ya mnadani, kila mtu anaokota cha bei rahisi na kwenda zake. Wazo na sharti lake viweke kwenye sentensi moja, ili anayekata aonekane anakata. Eleza gharama ya kila kipande, kisha gharama ya kukiacha. Narudia, sentensi moja! Halafu acheni kuwakimbilia mawaziri. Waziri atapiga picha nawe, kesho amehamishwa. Mtafute afisa anayeandika rasimu, mjue, mpigie simu hata usipokuwa na shida. Na ukishaitwa kikaoni, uliza rasimu ya pili inaandikwa lini na nani. Wakikujibu kwamba hutahitajika tena, omba kuiona hivyohivyo, kwa barua, na nakala ya barua ubaki nayo.