Kwa nini /dev/mem inakukatalia hata ukiwa ruti

/dev/mem ni faili maalum la Linux linaloipa programu njia ya kugusa memori ya mashine moja kwa moja. Ikikukatalia hata ukiwa ruti (mtumiaji mwenye mamlaka yote), sio pemishoni za faili, ni kerneli yenyewe (kiini cha Linux) ndo inakuzuia. Ikiwa imejengwa na chaguo la CONFIG_STRICT_DEVMEM basi RAM ya kawaida huigusi kupitia /dev/mem hata uwe ruti, na ikiwekwa pia CONFIG_IO_STRICT_DEVMEM (iliingia Linux 4.5, 2016) hata memori ya kifaa (anwani za kuwasiliana na kifaa) inafungwa pale draiva, yaani programu ya kerneli inayoendesha kifaa hicho, ikishaishika, maana programu yako ikiandika kwenye rejista zilezile draiva inazotumia mashine inaweza kuganda au data ikaharibika na hutajua nani kafanya. Soma /proc/iomem (orodha ya anwani na nani kazishika) kwa sudo, ukikuta anwani yako ina jina la draiva ndo imeshikwa. Wengi watakwambia ipe kerneli kigezo cha iomem=relaxed wakati wa kubuti, inafanya kazi kweli ila inalegeza vifaa vyote kwa mpigo, mi naona bora uitoe tu hiyo draiva kwenye kifaa chako kwanza. Ila kama lokidauni ya kerneli, hali inayombana hata ruti, imewashwa (ipo tangu 5.4) hiyo relaxed haikusaidii kitu, /dev/mem haifunguki kabisa.