Taa ya upepo imewaka, usikimbilie kununua sensa

Wadogo zangu mnaoanza ufundi, leo naongelea ile taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati. Naiongelea kwasababu watu wanauziwa sensa, vile vifaa vya kupimia upepo ndani ya tairi, ambazo hawazihitaji, na sio mara zote fundi ana nia mbaya, mara nyingi hajafundishwa tu kupima kabla ya kuvua tairi.

Mimi nilijifunza kwa hela ya mteja. Ililetwa gari, dashibodi inaonyesha upepo wa tairi tatu vizuri, ya mbele kushoto ni vistari tu. Nikavua tairi ya mbele kushoto, nikaweka sensa mpya, nikaisajili kwenye gari, nikaendesha. Mbele kushoto ikasoma safi kabisa, alafu ya nyuma kulia ikageuka vistari! Nikajiambia hii nayo imekufa, zina umri mmoja. Nikavua, nikaweka mpya ya pili, taa ikazima, mteja akalipa sensa mbili. Jioni nikashika zile mbili za zamani nikazijaribu mkononi kwa kifaa cha kuamshia, kile cha kuita sensa ijibu bila kuvua tairi. Moja kimya, ya pili ikajibu palepale, namba yake hii hapa, betri nzima. Kumbe tairi za gari ile zilishawahi kuhamishwa mbele na nyuma bila mtu kuiambia kompyuta, kwahiyo gari ikisema mbele kushoto ilikuwa inaongelea tairi lililoko nyuma kulia. Nilimpigia mwenye gari nikamweleza ukweli na nikamrudishia hela ya sensa moja. Tangu siku hiyo sivui tairi kabla sijazunguka gari zima na kifaa mkononi.

Sasa tuanze na msingi. Kuna mifumo ya aina mbili na ukizichanganya utavua tairi bure. Ya kwanza kila rimu ina sensa yake ndani, imeshikana na valvu, ina betri, inapima upepo na joto la ndani ya tairi alafu inatuma taarifa kwa mawimbi ya redio. Ya pili haina kitu chochote ndani ya tairi, gari inatumia sensa za ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, kuhesabu mzunguko wa kila gurudumu, maana tairi lililopungua upepo linakuwa na kimo kidogo kwahiyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Huu wa pili taa ikiwaka unajaza upepo sawasawa tairi zote na unaseti upya, bas. Usitumie kitufe cha kuseti kama ushahidi kwamba gari haina sensa, kwasababu kuna magari yenye sensa ambayo nayo yana kitufe hicho. Na valvu ya mpira pia isikudanganye, sensa zipo za valvu ya chuma yenye nati na zipo za valvu ya mpira ya kuvuta. Ushahidi mzuri ni dashibodi inayoonyesha psi, yaani kipimo cha upepo, ya kila tairi, au kifaa chako kikijibiwa.

Alafu isome taa yenyewe, kwasababu inaongea lugha mbili. Ukiwasha gari ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, inakwambia kuna tairi halina upepo wa kutosha. Ikipepesa kwa dakika moja hivi au moja na nusu ndo ikatulia imewaka, na ikarudia hivyo kila ukiwasha, hapo ndo inakwambia mfumo una hitilafu. Muulize mteja ilivyokuwa, au zima gari uwashe uangalie mwenyewe. Hili swali peke yake litakuokolea nusu ya kazi.

Ikiwa haipepesi, chukua geji. Pima tairi zikiwa zimepoa, gari imesimama masaa kama matatu, na ulinganishe na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sio namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ile ni kiwango cha juu cha tairi lenyewe. Sheria ya Marekani iliyofanya mfumo huu uwe lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2008 inataka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango, yaani gari ya psi 32 inawaka kwenye 24. Maana yake ni kwamba taa inapowaka tairi limeshapungua sana, na tairi la psi 27 linaweza kutembea wiki nzima linalika pembeni na taa imezima kabisa. Kwahiyo taa haifuti kazi ya geji.

Na baridi je? Joto likishuka kama nyuzi 5 au 6 za Selsiasi upepo unapungua karibu psi 1. Tairi lililokuwa mpakani litawasha taa alfajiri, gari ikitembea tairi likapata moto taa inazima. Mteja atakwambia sensa inasumbua, kumbe tairi linaomba upepo. Ila kuna sensa yenye betri iliyochoka nayo inapotea asubuhi ya baridi na kurudi mchana. Utofautishaje? Geji. Upepo ukiwa sawa kwenye kibandiko na bado taa inakuja na kupepesa, sasa anza kushuku betri.

Kama upepo unapungua kweli, paka maji ya sabuni kwenye kifuniko, kwenye pini ya valvu, na zaidi ya yote kwenye shina la valvu pale inapotokea kwenye rimu. Ule mpira wa kuzibia unakauka na kuvuja taratibu sana, vipovu vidogo kama punje za chumvi, ukiwa na haraka huvioni.

Sasa taa inapepesa na upepo uko sawa. Washa kifaa cha kuamshia, chagua modeli na mwaka wa gari, kisogeze ubavuni mwa tairi karibu na valvu, bonyeza. Kinatuma mawimbi ya kilohezi 125 ya kuamsha sensa, maana gari ikisimama sensa inalala kulinda betri, alafu sensa inajibu. Andika kwenye karatasi kwa kila tairi: namba ya sensa, psi, joto, hali ya betri. Zunguka zote nne, na ya akiba pia, kuna magari ambayo tairi la akiba lina sensa yake na watu wanalisahau. Kuna chache za zamani zinazoamshwa kwa kupunguza upepo kidogo au kwa sumaku, kifaa chenyewe kitakuelekeza. Ikikataa mara ya kwanza usihukumu, sogeza gari robo mzunguko jaribu tena.

Alafu unganisha skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, usome namba zilizosajiliwa, uziweke pembeni ya karatasi yako. Hapa ndo utamu wa kazi. Sensa moja iko kimya na namba ya kwenye gari haionekani kwenye tairi lolote, hiyo imekufa na unajua iko rimu ipi kwa uhakika. Sensa zote zinajibu kifaa lakini namba moja haimo kwenye gari, hapo hakuna kibovu, mtu alibadilisha rimu hakusajili. Zote nne zinajibu vizuri na namba zote zimo lakini gari haioni hata moja, acha tairi kabisa, nenda kwenye fyuzi, waya na kipokezi, kile kinachopokea mawimbi ya sensa. Na kabla hujafungua kipokezi chomoa vitu vilivyochomekwa kwenye soketi ya sigara, chaja za bei rahisi na vifaa vya kugeuza umeme vinaweza kuvuruga mawimbi, nimeshaona taa inaondoka kwa kuchomoa chaja tu.

Betri ya sensa kwa kawaida inaishi miaka 5 hadi 10 na imefungwa ndani na gundi ngumu, haibadilishwi, unabadilisha sensa nzima. Moja ikifa kwa uzee mwambie mteja ukweli kwamba wenzake wamezaliwa siku moja, achague mwenyewe kubadilisha zote kama tairi zinavuliwa tayari, ila usimlazimishe.

Kwenye kununua, kosa kubwa ni mawimbi. Kuna za megahezi 315 zilizozoeleka kwenye magari ya Marekani na Japani, na za megahezi 433 zilizozoeleka Ulaya. Modeli ileile inaweza kutoka na mojawapo kutegemea soko ililotengenezewa, kwahiyo tafuta kwa namba ya chasi au soma sensa ya zamani, jina la gari halitoshi. Zipo pia sensa za kuprogramu, unaweza kuzipa namba ya ile ya zamani na gari isijue kama kuna kilichobadilika, mimi nazipenda kwa magari yanayosumbua kusajili. Chochote utakachonunua, kijaribu na kifaa kabla hujakifunga. Kuvua tairi mara mbili kwasababu ya sensa uliyoiamini dukani kunauma.

Kuvua: toa upepo wote, na jembe la mashine la kubandua tairi lisiguse usawa wa valvu, sensa iko pale nyuma yake na plastiki yake haina nguvu. Wakati wa kunyanyua ukingo wa tairi pia jua sensa iko wapi kila sekunde. Nati ya valvu ya chuma usiifungue kwa papara. Nimeshika valvu ambayo mtu aliweka kifuniko cha chuma na pini ya shaba, chuma tofauti vinalana, ndani umejaa unga mweupe kama chokaa, nikazungusha kifuniko kwa vidole viwili na shina likakatika mkononi. Kwahiyo kifuniko cha plastiki na pini ya rangi ya fedha, ile iliyopakwa nikeli, usiweke aina nyingine.

Hata kama sensa ni nzima, kila tairi likivuliwa weka mpira mpya wa kuzibia, nati, pini na kifuniko, vinauzwa pamoja kama seti. Safisha tundu la rimu, kaza nati kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji, nyingi ni kati ya Nm (nyutoni mita) 4 na 8, ambayo ni ndogo kuliko mkono wako unavyodhani, spana ya kawaida inapasua. Kama ndani kuna ile dawa ya kuziba pancha, futa yote na angalia kitundu cha sensa, kikizibwa inasoma uongo. Alafu balansi tena, hiyo usiiruke.

Kusajili kuna njia tatu: gari zinazojifunza zenyewe ukiendesha dakika 10 hadi 20, gari unazoziweka kwenye hali ya kujifunza alafu unaamsha sensa moja moja kuanzia mbele kushoto ukizunguka kama mshale wa saa, na gari zinazotaka uandike namba kwa skana. Fuata ya gari lako, kuendesha siku nzima gari inayotaka skana hakutasaidia kitu.

Mwisho endesha mwenyewe, taa izime, alafu fanya jaribio hili: punguza psi 3 kwenye tairi ulilolitengeneza, endesha kidogo uangalie kama ni namba ya tairi hilohilo iliyoshuka kwenye dashibodi. Ikishuka ya tairi lingine, nafasi zimepishana, rudi kwenye karatasi yako. Jaza upepo, mpe mteja sensa yake ya zamani mkononi pamoja na karatasi yenye namba zote nne, fundi atakayefuata ataihitaji.